Mtoto wa Ughaibuni na Kicheko cha Nyumbani

Kama uko Suna unangoja mvua ipite ndipo uwashe pikipiki, kama uko Mbita unasubiri feri ya Luanda K'Otieno, au kama umeketi jikoni kwako Minneapolis na sauti hii inakufikia kwa simu, karibu. Leo nina neno juu ya watu wetu wa sanaa walio mbali: waimbaji, waandishi, waigizaji na watengenezaji filamu wenye asili ya pande hizi za ziwa. Wao kwa wao, katika vitabu, filamu na podikasti, wamekuwa wakiulizana: mimi ni nani, kwetu ni wapi, na nimepitia wapi hadi nikafika hapa? Wanayasema hayo kwa Kiingereza, wengine kwa Kijerumani. Nimeona tuyaseme kwa Kiswahili, tukiwa upande huu wa nyumbani, kwa sababu sehemu ya jibu wanalolitafuta tumeikalia sisi.

Tuanze na linalojulikana na kila mtu. Tarehe 2 Machi 2014, kule Los Angeles ilikuwa usiku na huku kwetu kunapambazuka, Lupita Nyong'o alipokea tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika filamu ya 12 Years a Slave. Bila shaka unakumbuka kelele za siku ile. Sisi tulisema ni wetu, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o wa Seme. Watu wa Mexico nao wakasema ni wao, kwani alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati babake akifundisha huko. Tukavutana mitandaoni kama wanaogombea mahari. Yeye hakumkana yeyote. Mwaka 2019 akatoa kitabu cha watoto alichokipa jina la Dholuo, Sulwe, yaani nyota, kinachosimulia msichana mweusi tii anayejifunza kuipenda rangi yake. Baadaye kitabu hicho kikatoka kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Mwaka 2024 akaanzisha podikasti iitwayo Mind Your Own, ya kukusanya simulizi za Waafrika waliotawanyika duniani, kila mmoja akieleza anahisi yuko kwao wapi.

Lupita nimemtaja kama mlango tu. Seme iko Kisumu, nasi tuko huku kusini. Basi twende Kendu Bay.

Karibu na mji wa Kendu Bay, Karachuonyo, kaunti ya Homa Bay, kuna kijiji kiitwacho Kanyadhiang'. Hapo ndipo alipozaliwa, miaka ya 1930, Barack Obama mkubwa, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Mzee Hussein Onyango, babu wa rais, alikuwa mtu wa huko Kendu, Mwislamu, mpishi wa Wazungu, mkali kweli kweli. Akahamisha mji wake hadi Kogelo, Alego, ng'ambo ya pili ya ghuba. Ndiyo maana mwaka 2008 magari ya watalii na waandishi wa habari yalielekea Siaya, na watu wa Kanyadhiang' wakabaki wakikumbusha yeyote aliyetaka kusikia kwamba kitovu cha Barack mkubwa kilizikwa kwao.

Barack mkubwa alikwenda Hawaii mwaka 1959 kusoma. Mwaka 1961 akapata mwana huko, kisha njia zao zikaachana. Mwana huyo alimwona baba yake mara moja tu baada ya kupata akili, akiwa na umri wa miaka 10. Baba akafa katika ajali ya barabarani Nairobi mwaka 1982. Mwana alipoandika kitabu chake cha kwanza, Dreams from My Father, kilichotoka mwaka 1995, hakuwa mwanasiasa bado. Alikuwa kijana mwanasheria anayemtafuta marehemu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Sehemu ya mwisho ya kitabu kile, ile inayosimulia ukoo tangu mababu, isingeandikika bila watu wawili. Wa kwanza ni nyanya, Mama Sarah, aliyeketi naye kule Kogelo akamsimulia kizazi baada ya kizazi. Wa pili ni dadake, Auma, aliyekuwa kati yao akitafsiri, maana nyanya alisema Dholuo na mjukuu alijua Kiingereza. Mgeni yule alikuwa na damu yote ya ukoo mwilini mwake, na damu ile haikumwambia lolote. Aliyemwambia ni mwanamke mzee mwenye subira, kwa msaada wa dada mwenye lugha mbili.

Naye Auma ana safari yake. Alizaliwa mwaka 1960, akasoma Kenya High School, na mwaka 1980 akaenda Ujerumani kwa ufadhili wa masomo. Alisoma Heidelberg, akachukua shahada ya uzamifu Bayreuth, tena akasomea utengenezaji filamu Berlin. Katika chuo hicho cha filamu alisoma pia Branwen Okpako, aliyezaliwa Lagos, baba Mnigeria, mama wa Wales. Mwaka 2011 Okpako alitoa filamu juu ya maisha ya mwenzake, The Education of Auma Obama, iliyopigwa Kogelo siku zile za Novemba 2008 dunia nzima ikingoja matokeo ya kura. Fikiria: kila kamera ya dunia imekuja kumtafuta ndugu wa rais, ila kamera moja imekuja kumuuliza dada mwenyewe, wewe umepitia wapi? Waafrika wawili waliokutana Berlin wakaamua kusimuliana wenyewe, wasingoje kusimuliwa na wengine. Auma alirudi Kenya akaanzisha shirika la vijana huko Alego, na jina aliloliita ni la Kiswahili: Sauti Kuu.

Nikifika hapa, najua mzee mmoja pale Rongo anaijibu redio: wewe mtangazaji, hao wamezaliwa mbali, wamekulia mbali, sisi tuliobaki ndio wenye mila. Mkataa kwao ni mtumwa. Sawa, mzee wangu, nimekusikia. Lakini hebu tuulizane kwanza huku kwetu kumeumbwa na nani.

Nenda Rusinga. Mwana mkuu wa kisiwa kile ni Tom Mboya. Kaburi lake liko pale, chini ya jengo lenye umbo la risasi, na watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Mboya alizaliwa Rusinga? Hapana. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Alikulia kati ya watoto wa makabila mengine na akajua lugha zao kabla hajaijua siasa. Ni yeye huyo mtoto wa kambi ya mkonge aliyehangaika kutafuta pesa na nafasi za masomo hadi Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Tukisema leo tuna watu ughaibuni, mkono wake umo. Alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, alirudishwa kisiwani, na hakuna aliyesema huyu alizaliwa Thika, azikwe Thika.

Na wenyewe wa visiwa vile ni Abasuba. Simulizi zao zinasema wazee wao walitoka upande wa Buganda kwa mitumbwi, wakikimbia vita vya ufalme, wakatua Mfangano na Rusinga. Walikuja na lugha yao ya Kibantu. Wakaoana na Waluo, wakauziana samaki, wakasoma shule ambazo vitabu vyake vilikuwa vya Dholuo, na leo Wasuba wengi huzungumza Dholuo nyumbani. Kisuba kimekuwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini kufa. Hawakwenda London wala Texas. Wameipoteza lugha wakiwa wameketi pale pale penye makaburi ya babu zao. Basi kukaa nyumbani nako peke yake hakutunzi kitu. Kinachowapa matumaini ni kazi ya watu: jumba la makumbusho la Abasuba kule Mfangano, tamasha la utamaduni la Rusinga, na redio ya jamii ya kisiwani inayotangaza kwa Kisuba. Mtoto anafungua redio anasikia lugha ya nyanyake ikitaja bei ya omena. Hivyo ndivyo lugha inavyorudi.

Toka visiwani, njoo Migori, upande wa Nyatike, kuna Thimlich Ohinga. Hii ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kama hujafika, fika. Ni kuta za mawe zilizozunguka miji ya kale, na mawe hayo hayakushikanishwa kwa udongo wala saruji. Simama karibu na ukuta wa boma kubwa, lile liitwalo Kochieng', utazame jinsi jiwe dogo limesukumwa katikati ya makubwa mawili likazuia yote yasiteleze. Mlango ni mwembamba, mgeni anapita akiwa ameinama, na mwenye mji yuko ndani anamwona kabla yeye hajamwona mtu. Wataalamu wanakadiria kuwa kuta hizo zilianza kujengwa karne ya 16. Na waliokaa mle hawakuwa kabila moja. Watu wa asili ya Kibantu walikaa, wakaondoka. Waluo wakaja, wakakuta kuta zimeinama, wakazitengeneza, wakaishi. Mahali petu panapojivunia ukale kuliko pote pamejengwa na wahamiaji waliojifunza kujenga kwa kuangalia kazi ya waliotangulia.

Wakuria nao, majirani zetu wa Kehancha na Isebania, mpaka wa wakoloni uliwakata vipande viwili: nusu Kenya, nusu Tarime, Tanzania. Ritungu lao, kinubi kikubwa chenye sauti nzito ya kutetemesha kifua, halikuombwa pasi. Linalia pande zote mbili.

Mpaka huo huo ndio uliotupa mfalme wa benga. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, ng'ambo kidogo tu ya Muhuru Bay, upande wa Tanganyika. Akavuka kuja Kenya na gitaa lake, akaiita bendi yake kwa jina la kwao, Shirati Jazz. Nyimbo zake za mafumbo ya kisiasa zilimtia matatani na serikali zaidi ya mara moja, na zilipendwa Homa Bay na Migori kama vile zilivyopendwa Rorya, upande wa Tanzania. Miaka ya 1980 alizuru Uingereza, rekodi zake zikauzwa Ulaya. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Sasa niambie, mzee wangu wa Rongo: Misiani alikuwa wa wapi? Kwa cheti, Mtanzania. Kwa muziki, hakuna harusi ya Migori iliyowahi kumuuliza kitambulisho. Na njia ile haikuwa ya upande mmoja. Grace Ogot alipoandika riwaya yake The Promised Land, iliyotoka mwaka 1966, aliwaandika mke na mume Waluo waliohama kutoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Ughaibuni wetu wa kwanza ulikuwa safari ya kuvuka mto na kupanda kilima cha jirani.

Msikilizaji, naomba sasa tukae kidogo na mtu mmoja: Ayub Ogada.

Jina alilopewa na wazazi ni Job Seda. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, si ziwani. Utotoni alikaa Marekani, na huko wazazi wake walikuwa wakipiga muziki wa Kiluo mbele ya wanafunzi wa vyuo. Aliporudi Kenya alikuwa kijana wa mjini na wa bendi za mjini. Alipiga na Black Savage miaka ya 1970, na mwaka 1979 akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band, iliyochanganya ala za jadi na gitaa. Aliigiza pia katika filamu ya Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985. Kisha mwaka 1986 akaenda Uingereza, na mzigo aliobeba ni nyatiti.

Kwa aliye mbali ambaye hajawahi kuona nyatiti ikipigwa, nieleze. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi sana, ala imelala mbele yake karibu na ardhi. Ina nyuzi nane, vidole vya mikono miwili vikizigawana. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevikwa pete nzito ya chuma, oduong'o, na kwa pete hiyo anaugonga mti wa nyatiti: ko, ko, ko. Mguu huo huo umefungwa gara, njuga za chuma, zinazolia kila unapotikisika. Juu ya hayo yote, anaimba: anasifu, anasuta, anataja majina ya walioketi. Ni bendi ya mtu mmoja. Hujifunzi kazi hiyo kwa wiki, wala hakuna aliyezaliwa nayo.

Ogada aliichukua bendi hiyo ya mtu mmoja akaiketisha katika vituo vya treni za chini ya ardhi London, akipigia wapita njia kwa sarafu. Huko akasikika, mwaka 1988 akapanda jukwaa la tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo. Wimbo wake Kothbiro uliingia katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, ukasikika kila pembe ya dunia. Mwaka 2007 alirudi Kenya. Alifariki tarehe 1 Februari 2019 nyumbani kwake Nyahera, Kisumu.

Mtoto wa Mombasa, mlelewa wa Marekani, mpigaji wa stesheni za London: huyo ndiye aliyeifanya dunia isikie nyatiti kuliko mpigaji yeyote aliyebaki kijijini. Sisemi alipiga vizuri kuliko wazee wa kijijini. Wako wazee waliompita kwa mbali, na wengi wamekwenda kaburini bila hata rekodi moja. Nasema tu kwamba kuzaliwa mbali hakukumzuia, na kuzaliwa karibu hakujawasaidia maelfu ya vijana wetu ambao leo hawajui nyatiti ina nyuzi ngapi.

Hapo ndipo ninapofikia neno langu la leo. Urithi hauji na damu, na hauji na kukaa. Unakuja na kufundishwa. Lazima awepo anayetaka kujua, na lazima awepo anayekubali kumfundisha bila kumdhalilisha. Upande wa kwanza tunaulaumu kila siku: watoto wa ughaibuni wamepotea. Upande wa pili ndio wetu, na hatuutazami.

Hebu tuutazame. Nenda matanga yoyote, Ndhiwa au Uriri, mwezi wa Desemba. Msemaji anawaita wajukuu. Anasimama kijana aliyezaliwa Texas, amevaa suti, anapokea maikrofoni. Amefanya mazoezi usiku kucha na shangazi yake kwa simu. Anasema, "Amosou," nawasalimu. Sauti imepanda mahali pa kushuka. Kicheko kinaanzia kwa kina mama walioketi nyuma, kinapita kwa vijana wa vyombo, kinafika hadi meza ya wazee. Kijana anahamia Kiingereza, anasema dakika mbili, anaketi. Jioni watu wanakula samaki wakisema: hawa wamekwisha, hata kusalimia hawajui.

Sasa linganisha na hili. Mwanamke wa Kijapani, Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina la Anyango, alikuja kijijini Siaya kujifunza nyatiti kwa fundi mzee, Okumu K'Orengo. Nyatiti kwa desturi ilikuwa ala ya wanaume. Alikaa kijijini, akaishi maisha ya kijijini, akanyenyekea, hadi mzee akamfundisha na kumruhusu kuipiga. Leo anaipiga duniani kote. Anapokuja huku na kuimba kwa Dholuo, lafudhi yake ina Japani ndani, na sisi tunafanya nini? Tunasimama. Tunapiga makofi. Wamama wanapiga vigelegele. Lafudhi ile ile iliyomfukuza mjukuu wetu kutoka kwenye lugha yake, kwa mgeni tumeiita ajabu ya Mungu.

Sina neno baya na Anyango, alistahili kila kigelegele. Swali ni kwa nini mjukuu hapati hata kimoja. Nadhani ni kwa sababu kwa mgeni tunahesabu alichojifunza, na kwa mtoto wetu tunahesabu alichokosa. Mkataa kwao ni mtumwa, sawa. Je, aliyechekwa na kwao hadi akanyamaza, tumwite nani?

Najua kuna hoja nyingine, na ina uzito. Mwanamuziki mmoja wa ohangla akinijibu atasema: ndugu, wewe waonee huruma hao wa ughaibuni, lakini wao na wazungu wao ndio wanaokula. Nyimbo ni zetu, pesa ni zao. Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Mwaka 2018 Kanye West alitumia kipande cha ile Kothbiro ya zamani ya Black Savage katika wimbo wake Yikes. Mlio uliorekodiwa Nairobi zaidi ya miaka 40 kabla ukawa unauzwa Marekani. Lakini angalia: kwa kuwa rekodi ilikuwepo na watunzi walijulikana, majina yao yaliandikwa kwenye wimbo mpya. Pasipo rekodi hakuna wa kumwandika. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, ila haiwezi kulinda wimbo ulioimbwa matangani ukapotea na upepo wa ziwa.

Tena si kila mkutano wa huku na huko ni wizi. Kuna bendi iliyoitwa Extra Golden. Mmarekani Ian Eagleson alikuja kufanya utafiti juu ya benga, akaungana na Otieno Jagwasi na wenzake, wakarekodi pamoja. Jagwasi alifariki mwaka 2005, kabla albamu ya kwanza haijatoka mwaka uliofuata. Waliosalia walipoalikwa kupiga Chicago, viza zikakwama, na waliosaidia kuzikwamua walikuwa watu wa ofisi ya seneta wa Illinois. Seneta huyo alikuwa Barack Obama, mwana wa yule mtoto wa Kanyadhiang'. Bendi ikamtungia wimbo wa shukrani, ukatoka katika albamu ya mwaka 2007, kabla hajawa rais. Benga ya ziwani ilifika Chicago kwa msaada wa mtu ambaye miaka iliyotangulia alikuwa ameketi mbele ya nyanya, hajui lugha, akisikiliza.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nikimaliza.

La kwanza ni kwa serikali zetu mbili, ya Homa Bay na ya Migori. Katiba ya 2010 imeuweka utamaduni mikononi mwa kaunti, na katika kifungu cha 7 imelitaka taifa kuzikuza lugha za wenyeji. Kila mwaka tunaona fedha za mahema, fulana na wasanii wa kukodishwa siku ya tamasha. Tengeni fungu la kuwarekodi wazee wa nyatiti, orutu, ohangla na ritungu ipasavyo, majina yao na tungo zao zikasajiliwa, na nakala zikahifadhiwa mahali mwanafunzi wa Kehancha na mjukuu wa Toronto wote wanaweza kuzisikia. Thimlich Ohinga ina kuta. Nyimbo hazina.

La pili ni kwenu ndugu zetu wa ughaibuni. Mnatuma pesa za karo, za hospitali na za jeneza, na Mungu awabariki. Tumeni na maswali. Mpigie nyanya simu akiwa hai, umuulize alizaliwa wapi, nani alimlea, wimbo gani ulimchezesha ujanani, na umwombe ruhusa umrekodi. Usingoje kuja kuyauliza hayo kwa msemaji wa matanga. Ukikosea neno, kosea, kisha uliza tena. Mboya alianzia kwenye mkonge wa Kilima Mbogo. Wewe ukianzia Minneapolis hujachelewa.

La tatu ni kwetu tulio hapa, na ndilo jepesi kuliko yote, halihitaji bajeti wala harambee. Desemba hii mtoto wa ndugu yako akisimama mbele ya watu akasema "Amosou" kwa sauti iliyopinda, mwitikie kwa nguvu kama unavyomwitikia mchungaji. Kisha jioni mwite kando, mrekebishe taratibu, mpe neno la pili.